Nani mgeni mtaani? Kisa cha vibali vya maegesho Arlington

Aurora Highlands ni mtaa wa nyumba za familia moja moja katika kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Upande wake wa mashariki, kuanzia miaka ya 1960, paliinuka Crystal City: majengo marefu ya ofisi, fleti na hoteli, mahali palipokuwa na maghala na yadi za vyuma chakavu. Ofisi nyingi zilikodiwa na serikali kuu, na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, haiko mbali. Kila asubuhi maelfu ya watu waliingia kazini kwa magari yao binafsi, maana reli ya chini ya ardhi ilikuwa bado inachimbwa. Kuegesha kwenye barabara za Aurora Highlands kulikuwa bure, na kutoka hapo hadi ofisini ni mwendo mfupi wa miguu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Walifanya hivyohivyo. Mkazi aliyetoka asubuhi kupeleka mtoto shule alirudi na kukuta mbele ya nyumba yake pamejaa hadi jioni.

Bodi ya Kaunti, yaani baraza linaloiongoza Arlington, ilitunga sheria ndogo ambayo leo inaonekana ya kawaida, ila wakati ule ilikuwa ngeni. Meneja wa kaunti alipewa jukumu la kutafuta maeneo ya makazi yaliyoelemewa na magari ya watu wasioishi hapo. Eneo likishatangazwa, wakazi wanapewa vibali bure kwa magari yao. Anayekuja kufanya shughuli na mkazi naye anapata, na baadhi ya wageni pia. Mwingine yeyote akiegesha pale kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ametenda kosa la jinai, dogo lakini kosa. Sababu zilizoorodheshwa ndani ya sheria hiyo ni nyingi mno: hatari za barabarani, hewa chafu, kelele, takataka, wakazi kushindwa kufika majumbani mwao, hadhi ya mtaa kama mtaa wa makazi, urahisi wa kufagia barabara, thamani ya nyumba, usalama wa watoto na waenda kwa miguu. Unaposoma orodha hiyo unahisi kwamba mwanasheria aliyeiandika alikuwa akimwona hakimu mbele yake tangu mstari wa kwanza. Kama ni hivyo, hakukosea.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amezoea barabara inayotozwa ushuru wa maegesho: anayesimamisha gari ndiye anayelipa, awe anatoka Mbagala au Masaki, Karen au Kayole. Hapa kigezo si fedha. Kigezo ni unalala wapi. Ndicho kilichowakera wafanyakazi wa Crystal City waliokuwa wakiegesha Aurora Highlands kila siku, wakaenda mahakamani.

Hoja yao ukiiweka kwa lugha ya barazani ni hii: barabara ni ya umma, na kodi inayoitengeneza haitoki kwa watu wa mtaa huu peke yao. Gari la mkazi linatoa moshi kama la kwangu, linapiga kelele kama la kwangu, na linaweza kumgonga mtoto kama la kwangu. Kama shida ni magari, zuieni magari yote. Mkizuia ya kwangu peke yake, hamjaondoa shida, mmegawa tu mali ya umma kwa watu mnaowapenda. Kisheria waliegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale ya 1868, yanayoahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Mahakama ya kaunti iliwakubalia. Mahakama Kuu ya Virginia nayo ikasema hivyohivyo mwaka 1977: kuwabagua wasio wakazi hakuna uhusiano wa maana na malengo ambayo sheria yenyewe imeyataja.

Binafsi naiona hoja hiyo kuwa nzito kuliko wengi wanavyoikumbuka. Haikushindwa kwa sababu ilikuwa ya kipuuzi.

Ilishindwa tarehe 11 Oktoba 1977, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Virginia. Uamuzi ulitolewa kwa jina la mahakama nzima bila jaji mmoja kuutia sahihi, na ni mfupi. Uko katika juzuu ya 434 ya ripoti za mahakama hiyo, ukurasa wa 5, na unasomeka wote kabla chai haijapoa. Majaji walisema kwamba jamii inaweza kupunguza nafasi za barabarani wanazotumia wafanyakazi wanaotoka mbali, kwa lengo la kupunguza uchafuzi wa hewa na kuwasukuma watu kupanda gari moja kwa pamoja au kutumia usafiri wa umma. Pia inaweza kuamua kwamba kuzuia magari ya nje yasimiminike katika eneo fulani la makazi kutaboresha maisha ya hapo, kwa kupunguza kelele, hatari na uchafu. Kizuizi cha namna hiyo, walisema, kwa asili yake kitawabagua wasio wakazi. Katiba haikatazi malengo hayo ya kijamii na kimazingira, wala haianzi kwa kudhani kwamba kutofautisha mkazi na asiye mkazi wa mtaa ni ubaguzi wa chuki. Inachotaka ni kwamba tofauti hiyo isaidie, kwa namna inayoingia akilini, kufikia lengo la sheria.

Angalia kilichotangulia: hewa na usafiri wa umma. Kuegesha kwa mkazi kumetajwa tu kama njia ya kufikia lengo hilohilo, si kama haki ya mwenye nyumba. Tena wakati ulikuwa mwafaka. Sheria ya Hewa Safi ilikuwa imefanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1970, vikwazo vya mafuta vya 1973 vilikuwa havijasahaulika, na stesheni ya Crystal City ya Metro, ile reli ya chini ya ardhi, ilikuwa imefunguliwa tarehe 1 Julai 1977, miezi mitatu na siku kumi kabla ya uamuzi. Mfanyakazi aliyenyimwa nafasi Aurora Highlands alikuwa sasa na treni inayomshusha karibu na ofisi. Idhini ya zuio na njia mbadala vilifika mwaka mmoja, jambo ambalo halitokei kila mahali vibali vinapoanzishwa.

Lakini mahakama ilijibu swali moja tu, kama mstari unaruhusiwa kuchorwa. Haikuulizwa mstari huo uishie wapi, nani ahesabiwe mkazi, kibali kiuzwe bei gani, wala barabara iliyo hatua moja nje ya mstari ifanye nini. Kesi ya Arlington ikawa ngao kwa miji mingine ya Marekani iliyotaka kuweka vibali, na maswali hayo manne kila mji ukaachiwa uyajibu wenyewe. Mengi ya matatizo ya kupanua maeneo ya vibali yamezaliwa humo.

Chukua swali la barabara ya pembeni kwanza. Dereva aliyezuiwa barabara ya kwanza si lazima apande treni. Anaweza tu kusogea nyumba sita mbele, nje ya kibao kinachoonyesha eneo la vibali. Wiki hiyohiyo mkazi wa barabara ya pili anaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mbele ya nyumba yake pamejaa saa 3 asubuhi. Hana neno na Crystal City. Anachotaka ni kibao kama cha jirani yake. Akipewa, zamu inahamia barabara ya tatu. Kwa hiyo eneo la vibali halihitaji sera mpya ili likue. Mpaka wake wenyewe unazalisha waombaji wapya. Arlington iliyoanza na Aurora Highlands ilifika mahali ikawa na kanda zaidi ya ishirini, kila moja na namba yake, kuzunguka stesheni za Metro, migahawa na ofisi. Saa nazo zilibadilika: pengine zuio ni la mchana, pengine linafika usiku kwa sababu ya baa na mikahawa.

Utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, kabla ya kanuni kurekebishwa 2021, unastahili kutazamwa kwa karibu. Mkazi anayetaka kibao anapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya saini. Akipata kaya 60 kati ya kila 100 za sehemu hiyo ya barabara, kaunti inatuma watu kuhesabu. Wanatembea kando ya magari wakiandika namba za usajili, kisha wanaangalia magari hayo yamesajiliwa wapi. Barabara inafuzu ikiwa asilimia 75 ya nafasi zimekaliwa, na robo ni ya magari ya nje.

Tuweke namba ndogo. Sehemu ya barabara yenye nafasi 20 inafuzu zikijaa 15, mradi manne hivi au matano ya magari hayo ni ya wageni. Maana yake ni kwamba barabara yenye nafasi tano tupu inaweza kufungwa kwa umma kwa sababu ya magari yasiyozidi matano. Na haya matano ni ya nani? Namba ya usajili inaonyesha anwani, haionyeshi sababu ya safari. Inaweza kuwa ya karani wa ofisini, ya yaya anayelea mtoto wa nyumba ya tatu, ya fundi bomba, au ya mpangaji aliyehamia mwezi uliopita akiwa bado na namba za jimbo jirani la Maryland. Mwenye karatasi ya saini haulizi hayo, na sheria haimtaki aulize.

Kuna jambo jingine kuhusu saini. Kwenye barabara iliyo katikati ya shida, anayetia saini ameshaumia. Kwenye barabara ya mpakani, wengi wanatia saini kwa kujihami: jirani akiwekewa kibao na sisi tusiwekewe, magari yote yatatuangukia sisi. Hofu hiyo ni ya kweli na hesabu yake ni sahihi. Ndiyo maana siwalaumu. Lakini maombi ishirini ya kujihami, kila moja likiwa na mantiki yake, hayawi sera ya mji hata ukiyafunga pamoja kwa kamba. Kila ombi linapimwa kwa magari yaliyopo leo kwenye barabara hiyo moja. Hakuna hatua inayouliza magari yatakayofukuzwa yataenda wapi, na kwa maoni yangu hapo ndipo utaratibu mzima ulipokosa jicho moja.

Ukikimbilia kusema basi eneo lichorwe kubwa tangu mwanzo ili kusiwe na barabara ya mpakani, tazama upande wa pili wa mto. Washington ilifungamanisha kibali na wadi, yaani kata za mji, na wadi ziko nane kwa mji mzima. Mwenye kibali cha wadi anaweza kuegesha kwenye barabara yoyote yenye vibali ndani ya wadi yake. Matokeo yake ni mtu anayekaa pembezoni mwa wadi anaendesha asubuhi hadi karibu na stesheni ya Metro iliyo katikati ya wadi hiyohiyo, anaegesha kihalali na kupanda treni. Anayeishi jirani na stesheni anaamka na kukuta magari yaleyale yaliyomfanya aombe kibali, ila sasa yana stika halali kwenye kioo. Eneo dogo linasukuma tatizo nje, eneo kubwa linalifungia ndani.

Sasa tuje kwenye swali la nani mkazi, ambalo ndilo linalonifanya niione Arlington kuwa kisa na si kumbukumbu ya mahakamani tu. Mwaka 1977 mgeni alikuwa anajulikana: mtu wa mbali mwenye tai na mkoba, anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Lakini Arlington ilibadilika. Kando ya njia za Metro na kando ya barabara ya Columbia Pike yaliongezeka majengo ya fleti, mengi yakiidhinishwa moja moja na Bodi kwa masharti maalumu. Moja ya masharti likawa kwamba wakaao katika majengo yaliyoidhinishwa kwa njia hiyo hawapati vibali vya barabara za jirani. Mantiki yake ilieleweka: jengo lina maegesho yake chini, mjenzi ameahidi kwamba wapangaji hawatamwagika mitaani, na wenye nyumba kwa ahadi hiyo wanapunguza upinzani dhidi ya ghorofa. Ilikuwa bei ya amani.

Ila maegesho ya chini ya jengo mara nyingi yanalipiwa kila mwezi juu ya kodi ya nyumba. Fikiria familia ya kupanga, watu wazima wawili, kila mmoja na gari lake kwa sababu kazi ya usiku haina basi. Gari moja linakaa chini kwa malipo. La pili linatafuta barabara. Barabara iliyo mbele ya jengo lao, hatua mia kutoka kitandani mwao, ina kibao kinachowaita wasio wakazi. Ng'ambo yake kuna nyumba yenye njia yake ya kuingizia gari na gereji ya magari mawili, na mwenye nyumba huyo ana haki ya kibali.

Hapo maneno ya mahakama yanaanza kubana. Tofauti ya mkazi na asiye mkazi wa mtaa ilikubaliwa kwa kuwa ilimlenga msafiri wa kila siku ambaye angeweza kupanda treni. Mpangaji huyu hasafiri kuja mtaani. Anakaa hapo. Gari lake linalala hapo, na kumnyima nafasi usiku hakumwingizi kwenye Metro wala hakupunguzi moshi, kunamfanya tu azunguke muda mrefu zaidi akitafuta pa kuegesha. Sidai kwamba mahakama ingeamua vingine, kwa maana kipimo ilichoweka ni chepesi na sheria nyingi hukivuka. Nasema kwamba sababu iliyoipa sheria ya Aurora Highlands heshima yake haipo tena panapotenganishwa jirani na jirani, hata kama maneno kwenye kibao ni yaleyale. Kilichobaki ni ile hoja ya wafanyakazi wa Crystal City, sasa ikiwa mdomoni mwa watu wa mtaani wenyewe.

Wenye nyumba nao wana lao, tena si la kubezwa. Wengine walinunua katika mtaa wa zamani ambako nyumba hazina njia ya gari kabisa. Wapo wazee wasioweza kutembea mbali na mifuko ya sokoni. Na waliambiwa hadharani, jengo lilipokuwa linaidhinishwa, kwamba magari yake yatakaa chini. Serikali iliyotoa ahadi hiyo haiwezi kugeuka kesho na kuwaambia wenye nyumba kwamba wao ndio wenye roho mbaya. Ahadi ilikuwa yake, si ya mpangaji wala ya mwenye nyumba.

Mwezi Agosti 2017 kaunti ilisimamisha maombi mapya ya vibali ili mpango mzima uangaliwe upya. Katikati ya mapitio, Novemba 2018, Amazon ikatangaza kwamba makao yake makuu ya pili yatakuwa hapohapo, Crystal City na Pentagon City, kwa ahadi ya ajira 25,000. Aurora Highlands ikajikuta tena pembeni mwa ofisi zinazoongezeka, kama miaka ya 1960. Bodi ilipitisha kanuni zilizorekebishwa Februari 2021, baada ya miaka mitatu na nusu ya mikutano. Muda huo wote mipaka iliganda ilipokuwa. Aliyekuwa ndani alibaki ndani, aliyekuwa nje alibaki nje, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kusifu usimamishaji huo isipokuwa waliokwisha kupata vibao.

Bei nimeiacha hadi sasa kwa sababu inasemwa haraka. Kibali cha bure au cha bei ya soda kinaombwa na kila mwenye gari, awe analihitaji barabarani au la. Boston, ambako kibali ni bure, kuna kipindi Beacon Hill ilikuwa na vibali 3,933 kwa nafasi 983, yaani stika nne kwa kila nafasi moja. Huo si mgawo. Marehemu Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles aliyetumia maisha yake kusoma uchumi wa maegesho, alikuwa na pendekezo ambalo linafaa kabisa kwa barabara za mpakani: wakazi wapate vibali, lakini nafasi zinazobaki tupu mchana ziuzwe kwa wasio wakazi kwa bei ya soko, na fedha zirudi kwenye barabara hiyohiyo kwa taa, njia za miguu na miti.

Ningekuwa mjumbe wa Bodi, ombi la kupanua eneo lisingefika mezani bila mambo matatu. Kwanza, watu wa kuhesabu wapite mara mbili, mchana na saa 4 usiku, kwa sababu barabara inayojaa mchana inaelemewa na ofisi na inayojaa usiku inaelemewa na makazi, na dawa zake si moja. Pili, wahesabu pia barabara zote zinazopakana na ile inayoomba, zile ambazo hazijaomba chochote, na matokeo yabandikwe kabla ya saini ya kwanza kukusanywa. Tatu, anayeishi ndani ya eneo ahesabiwe mkazi, ghorofani au chini, na idadi ya vibali kwa kaya ipunguzwe na kila nafasi iliyo ndani ya uwanja au gereji yake. Hilo la tatu lingenipotezea kura za wenye gereji, na pengine uchaguzi. Ndiyo sababu nadhani lingetakiwa kupitishwa kwanza, mwaka wa mwanzo wa muhula, kabla ya karatasi yoyote ya saini kuanza kuzungushwa.